Jina Kwenye Mashine Kubwa

Shika Adabu, Likoni
29 Agosti 1999

Nyevu shoga yangu,

Sijui nianze na salamu au nianze na shida, maana Mzee amelala na akiamka kalamu nitaiweka chini. Basi salamu nyingi, zangu na za nyumba, na shida ndiyo hii inafuata.

Usicheke kuona naandika Mzee amelala. Mwanangu tulimpa jina la babu yake, marehemu baba yake Rashid wangu, na jina la marehemu halitamkwi ovyo humu ndani, kwa hiyo tangu arubaini ya mtoto nyumba nzima ni Mzee, Mzee. Juzi nilimwambia jirani samahani nimechelewa, Mzee amenitapikia begani, akanitazama kwa huruma kabisa. Ana miezi minane na meno mawili. Mchana halali ila nimbebe, na usiku hanilazi. Ndiyo hali.

Shida yenyewe ni ya kompyuta. Unamkumbuka Ishaka, kaka mkubwa wa Rashid, yule aliyesimamia harusi yetu mpaka chumvi ya pilau akaionja mwenyewe. Tangu Rashid aende kazi ya bandarini Salala, huko Omani, mimi nampigia chapa shemeji karatasi zake za forodha. Ofisi yake iko mbele, barabarani. Mimi niko chumba cha nyuma, uwanja huohuo, kompyuta mezani na Mzee mgongoni au mkekani. Naipenda kazi hii, Nyevu. Nikifua, nguo zinachafuka tena. Nikipika, chakula kinaliwa. Lakini karatasi nikiimaliza imekwisha.

Sasa shemeji ameingiza intaneti ofisini. Simu ni moja, modemu ni moja, imefungwa kwenye mashine yake kubwa. Amevuta waya juu ya paa la jiko mpaka chumbani kwangu, ili nami nipeleke karatasi kwa watu wa maghala Changamwe bila mtu kuvuka na bahasha. Fundi aliyevuta waya alimwachia disketi, akamwambia kompyuta ya nyuma inahitaji programu ya kupitia kwa mashine kubwa, bila hiyo itabaki pale pale. Shemeji kanikabidhi disketi zote. Akasema chagua mwenyewe, wewe ndiye unayevijua vidude hivi. Mimi najua kupiga chapa. Vidude hivi sivijui.

Wewe unauza kompyuta huko Nairobi. Nieleze niweke ipi, na niiwekeje.

Nijibu kwa sanduku la shule ya chekechea ya Mwalimu Kahaso, anwani iko nyuma ya bahasha. La ofisi usilitumie.

Wako,
Mwanarehema

Nimesahau: mtu anayekaa kwenye mashine kubwa, anaona ninachoandika mimi huku nyuma?


Nairobi
7 Septemba 1999

Rehema,

Barua yako nimeisomea dukani nikacheka hadi mteja akadhani namcheka yeye. Mpe Mzee shikamoo yangu. Akiitikia marahaba uniandikie haraka.

Haya, kazi. Usiogope jina la kitu. Nyumba yenu ina mlango mmoja wa nje, nao uko kwa shemeji yako. Kompyuta yako haina mlango. Ikitaka kitu huko duniani inaituma mashine kubwa: nenda kaniletee. Mashine kubwa inakwenda kwa jina lake yenyewe, inaleta, inakupa. Huyo ndiye wakala. Programu utakayoweka kwako ni ya kuifundisha kompyuta yako kutuma. Hakuna zaidi.

Kwa disketi zako, soma vibandiko uniambie. Nadhani moja ni ile kubwa, ya kampuni ileile iliyotengeneza programu ya mashine ya shemeji. Hiyo ukishaiweka inashika kila kitu kilicho ndani ya kompyuta na kukipitisha kwa wakala, kitake kisitake. Ya pili huenda ni ndogo, ambayo wewe mwenyewe unaiambia pitisha barua, pitisha kurasa, hii ya kupiga chapa iache ikae nyumbani. Kukiwa na ya tatu iliyoandikwa kwamba ni ya majaribio, itupe. Hizo zinafanya kazi mwezi mmoja halafu zinasusa, nawe utakuwa umeshazizoea.

Kabla hujagusa chochote nijibu haya: kompyuta yako ina Windows ya tisini na tano au tisini na nane? Ina kumbukumbu kiasi gani? Mashine kubwa inatumia programu gani ya uwakala, na toleo lipi? Ukichagua programu isiyolingana na ile ya mashine kubwa, zitatazamana kama wakwe.

Halafu nami nina maswali mawili ambayo si ya kompyuta. Kwa nini nisitumie sanduku la ofisi? Na kwa nini swali lako kubwa umelificha chini ya sahihi, kama mtu aliyekumbuka kitunguu akiwa mlangoni? Tulikaa dawati moja chuo kizima. Nakujua unavyouliza kitu unachokitaka.

Nyevu


Shika Adabu
19 Septemba 1999

Nyevu,

Windows ni ya tisini na tano. Kumbukumbu ni megabaiti kumi na sita. Jina la programu ya mashine kubwa na toleo lake nimeyanakili kwenye kikaratasi hiki kilichobanwa, nilikwenda kuangalia shemeji alipokwenda msikitini. Disketi ni kama ulivyosema, kubwa, ndogo na ya majaribio. Ya majaribio Mzee ameshaitafuna pembe, basi mambo yake yamekwisha.

Maswali yako mawili jibu lake ni moja.

Tangu baba mkwe afariki, mama mkwe wangu, Bi Mwanatatu, anakaa Utange peke yake. Ni mtu mwema, sina neno naye. Anamtaka huyu mjukuu mwenye jina la mumewe, nami namwelewa. Akimpakata huwa hasemi, anamtazama masikio tu. Mwezi wa saba shemeji alisimama pale anaposimama siku zote, pembeni ya jiko, akakohoa. Akasema, "Mama Mzee, Rashid ameona bora wewe na mtoto mhamie kwa mama Utange. Kabla ya Ramadhani." Mikono yangu ilikuwa ndani ya unga. Nikainamisha kichwa. Akaenda zake.

Utange umeme haujafika kwa mama, na waya wa shemeji hauvuki feri kufika ng'ambo. Nikihamia huko kompyuta inabaki hapa na kazi inabaki hapa. Nitakuwa mke wa mtu aliye mbali, nakaa kwa mama yake, namngoja. Wako wanaoweza. Mimi nikijitazama naona sitaweza, nitakuwa mkali kwa mtoto.

Kama Rashid amesema, nitakwenda. Ni mume wangu, nitafunga vitu vyangu na njiani hutanisikia nikilalamika. Lakini nataka nilisikie kwake mwenyewe, na hapo ndipo pana kazi.

Barua zake huja bahasha moja kwa jina la kaka yake, kupitia sanduku la ofisi. Shemeji huzisoma ukumbini, wote tumekaa. Kila mtu ana sehemu yake: mama, shemeji, mke wa shemeji, na yangu huwa ya mwisho. Mama Mzee msalimie, mwambie amwangalie mtoto. Majibu nayo tunayasema kwa mdomo, shemeji anayaandika. Si kwamba sijui kuandika, nyumba hii ndivyo inavyoandika tangu enzi za babu. Simu yake huja Ijumaa, ofisini, baada ya swala. Nikipewa mkono wa simu wote wamesimama, na kila nikifungua mdomo yanatoka yaleyale: hatujambo, alhamdulillahi, mtoto ana meno mawili.

Utaniambia aandike kwa sanduku la Mwalimu Kahaso. Nimelifikiria. Barua ya Salala huchukua mwezi na zaidi, na siku ikijulikana kwamba mke wa Rashid anapokea barua kwa sanduku la watu, hata iwe ni ya mumewe, hakuna atakayeuliza ndani yake mna nini. Wewe u rafiki wa kike, wewe haina neno. Yeye ni tofauti.

Katika barua ya mwisho aliandika kwamba kambini kwao kuna kompyuta, wanaruhusiwa kuitumia kila Alhamisi, na anwani yake ya barua pepe akaiweka. Shemeji aliisoma herufi kwa herufi, nami nikaishika kichwani.

Basi sasa unajua kwa nini niliuliza.

Mwanarehema


Nairobi
27 Septemba 1999

Rehema,

Swali lako nitalijibu wazi, maana mtu akikujibu vingine atakuwa anataka kukuuzia kitu. Ndiyo. Anayekaa kwenye mashine kubwa anaweza kuona. Ukiweka kubwa anaweza, ukiweka ndogo anaweza. Programu ya wakala haimfichi mtu mbele ya wakala. Yeye ndiye anayebeba. Akipenda kufungua atafungua, na asipopenda hatafungua, na hilo halimo kwenye disketi.

Zipo programu za kufunga barua kwa kufuli, lakini Rashid atahitaji ufunguo wake, na kambini hawatamruhusu aweke kitu kwenye kompyuta yao. Nimeuliza. Ila kuna njia nyingine. Niandikie karatasi maneno yako yote, mimi nitayapiga chapa hapa dukani na kumtumia. Akijibu nitakuletea kwa posta, kwa Mwalimu Kahaso. Shemeji hatajua hata harufu. Nipe neno moja tu.

Kwa kompyuta yako chagua ile ndogo. Kubwa italemea kumbukumbu yako ya kumi na sita, na huna haja ya kupitisha kila kitu. Ya disketini ni toleo la zamani, kwa hiyo nimekutengenezea nyingine, iko humu kati ya kadibodi mbili. Usimpe Mzee.

Funga programu zote zilizo wazi. Ingiza disketi, fungua kipicha cha kuanzisha, kubali inapokuuliza pa kuiweka. Itakuuliza namba ya mashine kubwa na namba ya mlango wake; shemeji anazo, fundi lazima alimwachia. Itauliza jina lako na neno la siri, kwa sababu mashine kubwa haimbebei mtu isiyemjua. Jina liwe lilelile lililoandikishwa kule. Kisha utaona kidirisha kitupu. Humo ndimo unamoingiza programu unazotaka zipitie, moja moja. Ingiza ya barua na ya kurasa. Zima kompyuta, washa tena, jaribu.

Onyo moja: usiziweke mbili kwa pamoja. Ukitaka kubadilisha, toa ya kwanza vizuri ndipo uweke ya pili. Zikikutana zinagombea waya na kompyuta inaganda.

Nangoja neno lako.

Nyevu


Shika Adabu
14 Oktoba 1999

Nyevu mwenzangu,

Neno langu ni hapana, na usinune. Najua utanifikishia, na najua hutaongeza wala kupunguza. Lakini nitakuwa nimemtoa shemeji katikati nikakuweka wewe. Mimi nataka Rashid aone nimeandika mimi, hata kama mkono mwingine umebeba.

Sasa sikia yaliyonipata.

Niliiweka ile ndogo kama ulivyoandika, Mzee amefungwa mgongoni kwa leso. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka kwenye jina. Niliandika Mwanarehema. Ikakataa. Nikaandika Rehema, ikakataa. Nikaweka na jina la baba yangu, ikasema hainijui. Nikaona basi programu ndiyo mbovu, na hapo nikafanya ulilonikataza. Nikachukua ile kubwa nikaiweka juu ya ndogo bila kuitoa. Kompyuta ikaganda, kioo kikawa cha buluu kitupu, na karatasi ya shemeji niliyokuwa sijaihifadhi ikapotea. Mzee akaanza kulia, nami nikakaa mkekani nikalia naye kidogo. Wallahi hata sijui nilikuwa namlilia nani.

Kesho yake nilizitoa zote mbili, nikaanza upya na ndogo peke yake. Ikafika palepale. Hainijui.

Nikajitanda, Mzee mgongoni, nikaenda ofisini. Shemeji alikuwa peke yake mbele ya mashine kubwa, miwani kwenye paji la uso. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba mashine yake inakataa jina langu. Akaniuliza nimeandika jina gani. Nikamwambia Mwanarehema. Akaishusha miwani, akatazama kioo, akanitazama mimi, akakitazama kioo tena.

"Mimi nilimwambia fundi aandike Mama Mzee," akasema.

Miaka mitano niko nyumba hii, Nyevu, na sijawahi kulisikia jina langu kinywani mwake. Nilidhani halijui. Kumbe analijua. Alinieleza, tena kwa haya, kwamba asingeweza kulitaja jina la mke wa ndugu yake mbele ya fundi, mtu wa kando asiyemjua kwao. Kwake hiyo ilikuwa heshima. Na kweli ilikuwa heshima, nami niliipokea hivyo. Nikamwambia kwamba fundi hayupo sasa, naomba aniandike jina langu.

Akaandika kwa kidole kimoja. Ilipofika kwenye neno la siri alinipisha kiti, akageuza uso ukutani, kama anavyofanya akinikuta uwanjani sina mtandio. Akasubiri hivyo. Nami nikaona kuzungumza na mgongo wa mtu ni rahisi kuliko kuzungumza na macho yake.

"Shemeji," nikamwambia, "Rashid alisema tuhamie Utange?"

"Nilimwambia kwenye simu."

"Akajibu nini?"

"Hakukataa."

"Na mimi?"

"Wewe nawe hukukataa."

Bado anatazama ukuta. Nikaelewa yote pale, hata hasira haikuja. Kwetu mwari akiulizwa kama ameridhika na mume, akinyamaza, ameridhika, watu wanapiga vigelegele. Shemeji ametuoza Utange, mimi na Rashid, kwa namna hiyohiyo. Kanyamaza huyu, kanyamaza yule, mambo yametengenea. Na Rashid asingembishia kaka yake aliyemlea, kama mimi nisivyoweza kumbishia yeye nikiwa na unga mikononi.

Nikamwambia, "Kimya changu kilikuwa cha adabu, shemeji. Hakikuwa jibu. Wewe ndiye njia ya nyumba hii na mimi sitafuti njia nyingine. Nipitishie maneno yangu. Usinijibie."

Mzee akaanza kumpigia kelele zake za ba-ba-ba. Kisha shemeji akasema, "Maliza hilo neno lako la siri. Shingo inaniuma."

Nikamaliza. Nilirudi nyuma nikaandika jina langu kwenye kidirisha, na safari hii mashine kubwa ikanijua. Nimejaribu kutuma karatasi Changamwe, zimefika.

Bado kwa Rashid sijaandika. Nimepata mlango, sasa naogopa atakachonijibu. Kama ni yeye kweli aliyesema, itabidi niende, na safari hii sitakuwa na wa kumlaumu.

Mwanarehema


Kwa: Rashid, Salala
Kutoka: Mwanarehema, Likoni
Jumatano, 20 Oktoba 1999

Rashid mume wangu,

Ni mimi Mwanarehema. Naandika kwa mkono wangu, kwenye kompyuta yangu, na barua inapita kwenye mashine ya shemeji. Akiisoma na aisome, sijaandika ninalolionea haya.

Nimeambiwa umeona bora mimi na mtoto tuhamie Utange. Niliponyamaza ikachukuliwa kwamba nimekubali. Sikukubali wala sikukataa, nilikuwa sijaulizwa na wewe.

Sasa nakwambia. Sitaki kuhamia Utange. Mama nampenda na najua upweke wake. Lakini hapa nina kazi, na kazi hii hunishika nisidondoke. Nimechoka, Rashid, sitakuficha, mtoto hanilazi. Ila uchovu wa hapa naujua mwisho wake, na wa kukaa bure nikikungoja siujui.

Kama ni neno lako, niambie wewe, nami nitakwenda. Na kama si neno lako, niambie pia. Usinipe jibu la salamu.

Mtoto hajambo. Jino la tatu linatoka.

Mwanarehema


Kwa: Mwanarehema, Likoni
Kutoka: Rashid, Salala
Alhamisi, 28 Oktoba 1999

Mwanarehema,

Alhamisi iliyopita niliisoma barua yako mbele ya watu wanaongoja zamu, nikashindwa kujibu. Ijumaa sikupiga simu kwa sababu ningesema nini wote wakiwa wamesimama.

Mimi sikusema uhamie. Kaka aliniambia Mama Mzee amechoka na mtoto, na mama yuko peke yake, itakuwa kheri wakae pamoja. Nikaelewa kwamba wewe ndiye uliyeomba. Nikajisemea, niko mbali, simsaidii hata kumbeba mtoto, nitakuwa mtu gani nikimkataza kwenda anakotaka kupumzika. Nikanyamaza. Moyoni niliumia, nikidhani nyumba yetu imekushinda.

Sehemu yako katika barua za nyumba huwa ndiyo ninayoandika ya kwanza. Naandika mengi, kisha nakumbuka yatasomwa ukumbini, nafuta, nabakisha salamu. Wewe ulikuwa ukisomewa mabaki.

Sitakuamrisha ukae wala uhame. Utakaloamua wewe nitamwandikia kaka kama ulivyolisema, bila kulipunguza. Kuhusu mama naomba tusimwache hivihivi. Fikiria, uniambie.

Siku hizi zamu yangu ya kompyuta nimeiomba iwe ya mwisho, ili nisikimbizwe.

Jino la tatu ni la juu au la chini?

Rashid


Shika Adabu
31 Oktoba 1999

Nyevu,

Rashid amejibu. Hakusema yeye tuhame, na alidhani mimi ndiye niliyeomba. Basi tulikuwa kila mtu anamstahi mwenzake, na katikati shemeji anatustahi sote, mpaka nikakaribia kufungasha sufuria.

Jana nilivuka na Mzee mgongoni mpaka Utange kwa Bi Mwanatatu. Sikumtuma mtu. Nikamwambia mwenyewe kwamba kuhamia sitahamia, lakini mwezi mzima wa Ramadhani tutakuja, mimi na mjukuu wake, tufunge na tufuturu naye, na Idi ikipita nitarudi kwenye kazi yangu. Shemeji ameshasema mwezi huo karatasi huwa chache. Mama alikuwa anachambua mchicha. Aliendelea kuchambua, kisha akauliza kama Mzee ameanza kula uji wa wimbi. Nikamwambia ameanza. Akasema basi atausaga yeye, wa dukani una mchanga. Nilipokuwa naondoka alinishika mkono akaniambia kweli angependa zaidi ya mwezi, na mimi nikamwambia najua, mama, lakini ndio mwezi. Hakununa. Nadhani naye ni muda hajaambiwa kitu usoni.

Programu yako inafanya kazi. Imegoma mara moja tu, siku ambayo shemeji alizima mashine kubwa ili apige simu akasahau kuiwasha. Ile disketi kubwa nimemrudishia. Aliniuliza mbona nimechagua ndogo, nikamwambia ndogo inapitisha ninachokitaka na kingine inakiacha nyumbani. Akatikisa kichwa kama mtu anayelifikiria jambo jingine.

Nakupa na hili halafu nifunge, maana jino la tatu limetoka na la nne linakuja, yote ya juu, na leo sijui kama nitalala.

Ile barua ya Rashid iliingia Alhamisi jioni. Umeniambia anayekaa kwenye mashine kubwa anaweza kufungua akipenda. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi, kompyuta yangu nimeizima. Nikasikia kile kikohozi pembeni ya jiko. Nikangoja nisikie Mama Mzee, kama siku zote. Kikohozi kikarudi. Nikageuka. Shemeji alikuwa amesimama palepale, mikono mitupu, macho kwenye majivu.

"Mwanarehema," akasema. "Kuna barua yako."

Nikaitika, abee.

Wako,
Mwanarehema